Kamati ya Safari ya Junior ✈️🏏

Shangazi Katibu [19:02]
Hamjambo wote. Junior amepata mkataba Uingereza, timu ya pili ya kaunti, msimu mmoja, Aprili mpaka Septemba. Tiketi imepungua 38,000. Tumeni LEO.

Mjomba Dereva [19:04]
Kaunti gani hiyo? Gavana wake nani 😂

Binamu Mombasa [19:04]
Waulize basari zimetoka

Shangazi Katibu [19:06]
Huko kaunti ni klabu za kriketi, ziko 18. Ni kazi ya mshahara. Acheni mzaha.

Shangazi Katibu [19:40]
Mmesoma watu 22. Ametuma Mama Junior peke yake.

Baba Mdogo Kitengela [19:43]
Nitatuma nikijua pesa inakaa kwa nani. Ile pesa ya hema sijasahau.

Shangazi Katibu [19:43]
Hema tuliongea ikaisha.

Baba Mdogo Kitengela [19:44]
Iliisha kwako.

Mjomba Dereva [19:44]
Hema imefufuka 🤣🤣🤣

Shangazi Katibu [19:50]
Turudi kwa mtoto. Derek Pringle alizaliwa hapa Nairobi, akachezea Essex 1978 hadi 1993. Alikuwa anarusha mpira kwa kasi ya wastani kama Junior. Miaka 15!

Junior [19:58]
Anti, huyo alisomea hukohuko. Mimi nisipotoa wapigaji wao (wiketi), Septemba wananiambia asante.

Binamu Mombasa [20:01]
Si hata Obuya alienda

Babu [20:47]
(Ni Shiro naandika, Babu anasema) Hamjambo wanangu. Tarehe 24 Februari 2003 nilivuta rola pale uwanja wa Gymkhana asubuhi. Sri Lanka walikuwa wanatafuta mikimbio 211 watushinde Kenya, wakaishia 157. Collins Obuya aliwatoa watano kwa mikimbio 24. Warwickshire wakamchukua mwaka huohuo. Yule alikuwa spina, mrushaji wa mpira wa kuzungusha, mbio zake fupi, na bado goti lilimwangusha huko. Baadaye alijulikana kwa kupiga, 2011 akawapiga Australia 98 bila kutolewa. Mkono ule wa 2003 haukurudi.
Junior anakuja mbio hatua 17. Mguu wake wa kushoto ukitua unachimba shimo. Nimejaza mashimo hayo miaka 31, nayajua. Uzito wote unashukia goti moja. Tiketi mnachanga, vizuri. Goti atalilipa nani?

Mjomba Dereva [21:15]
Shikamoo Babu

Shangazi Katibu [21:17]
Shikamoo Baba. Mkataba nimeusoma, ni kurasa nne. Bima sikuiona.

Junior [21:26]
Babu, la kushoto huniuma asubuhi tu. Nikipasha moto linaachia.

Mama Junior [21:26]
Tangu lini???

Mama Junior [21:31]
Junior shika simu

Shangazi Katibu [21:38]
Sawa. Jumatatu daktari kwanza. Waandikieni hao watu kuhusu bima. LAKINI michango iendelee, bei ya tiketi haitungoji.

Baba Mdogo Kitengela [21:52]
Nimetuma 2,000. Kwa Mama Junior.

Shangazi Katibu [21:53]
Nimeona ulivyoandika.

Mjomba Dereva [22:10]
Sasa ile tarehe ya eapoti nampeleka au simpeleki? Gari la watu nimeshaliombea ruhusa