Naomba ushauri: kelele za ndege ndogo karibu na Wilson

Habari zenu wadau. Natayarisha mapendekezo ya kupunguza kelele kwenye nyumba zilizo karibu na Uwanja wa Wilson, Nairobi, na nahitaji macho ya marubani na mafundi. Sitaki kuandika "ndege zipande haraka" halafu nichekwe. Uwanja uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na Cessna 172 yenye mwalimu na mwanafunzi hupanda kwa kujikokota jua likiwa kali.

Naona pa kuanzia ni propela, maana mlio mwingi hutoka kwenye ncha za mapanga yake. Kwa propela inayobadili pembe ya mapanga yake, kushuka kutoka mizunguko 2,700 hadi 2,500 kwa dakika, baada ya kufika kimo salama, hupunguza ule ukali. Cessna 172 nyingi hazina hiyo. Ukipunguza mizunguko umepunguza na nguvu, hivyo wakati wa kupanda silipendekezi kabisa. Kwa hizo nafikiria kubana mazoezi ya kugusa na kuruka (kutua na kupaa tena papo hapo bila kusimama) jioni na Jumapili. Je, shule za urubani zitakubali?

Kipimo nacho kinanisumbua. Wastani wa saa 24 huificha ndege moja inayopita juu ya bati saa 12:30 asubuhi, hata ukiongeza zile desibeli 10 ambazo hesabu hiyo huzipa ndege za usiku. Niambatanishe kilele cha mlio wa kila ndege, pamoja na saa, upepo na namba ya 5Y (usajili wa ndege za Kenya)? Na mashine ya kupimia kelele iwekwe umbali gani kutoka ukutani, ili mlio unaorudi usizidishe kipimo?