Naomba ushauri: neno "jeuri" lina uzito gani hasa?

Habarini wakuu, naombeni mnisaidie maana hili jambo linanikosesha raha. Mwenye nyumba wangu kaandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, mstari wa kwanza tu "mpangaji huyu ni jeuri", kisa nilimwambia risiti ya umeme nataka niione kabla sijatoa hela. Sikupaza sauti wala nini, nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

Sasa nimefuatilia hili neno nikaona limetoka kwenye Kiarabu, jawr, ambako ni dhuluma, yaani mwenye nguvu kumwonea asiye nazo, na mzizi wake una maana ya kupotoka kuacha njia iliyonyooka. Kwetu naona limegeuka, mara nyingi anayeitwa jeuri ni mdogo aliyemjibu mkubwa, mtoto jeuri, mke jeuri, mfanyakazi jeuri, bosi anayetumia mabavu yeye tunamwita mkali tu! Halafu hapohapo tunasema fulani ana jeuri ya pesa, au "huna jeuri hiyo", hapo ni uwezo na kiburi kwa pamoja.

Jumamosi naitwa kwa mwenyekiti. Wenye ujuzi wa lugha, hasa mlioko pwani na Zanzibar, jeuri kwenye barua kama hii ni tusi, ni tuhuma ya kutaka kupigana, au ni kukosa adabu tu? Na je nijibu kwa maandishi kuikanusha hiyo jeuri au niende na risiti zangu za kodi nikae kimya nisikilizwe? Sitaki nikifungua mdomo nionekane namthibitishia.