ALAF kirefu chake si Aluminium Africa, mbona bati lao linanasa sumaku?

Mjenzi wa Chanika
Habari za asubuhi wakuu. Kuna kitu kimeninyima usingizi naomba wajuzi mnisaidie. Jana nimeshusha bati saiti, nyumba ya vyumba vitatu huku Chanika, nimejibana miaka minne mpaka kufika hapo, nikasema angalau kwenye paa nisibahatishe nikachukua ALAF. Jioni jirani akaja kukagua, si mnawajua majirani, akasema kaka umepigwa, hii ni Aluminium Africa kwahiyo bati lake lazima liwe aluminiamu na aluminiamu hainasi sumaku. Nikatoa sumaku ya spika mbovu ya redio, kuigusisha tu, tap, ikanata. Jirani akacheka akaenda zake kula, mimi nikabaki nazunguka mzigo wa bati kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mafundi wanaanza kupaua leo. Nimepigwa au?

Mzee wa Keko
Hujapigwa, jirani ndo hajui. Hilo jina ni la zamani, kampuni imeanza 1960 enzi barabara inaitwa Pugu Road sio Nyerere Road, ni mradi wa familia ya Chandaria wale wa Kenya, na leo iko kwenye Safal Group pamoja na Mabati Rolling Mills ya Mariakani na Uganda Baati ya Kampala. Jina limebaki tu. Si tunaita daladala mpaka leo, nani bado analipa dala? Halafu serikali nayo ina hisa mle, 24% zinakaa kwa Msajili wa Hazina, kwahiyo hata wewe mlipa kodi una kakipande kako 😂

Fundi Kenchi
Mzee wa Keko kasema kweli ila aluminiamu ipo mkuu, ipo juu. Bati lenyewe ni chuma, ndo maana sumaku inanata, kisha limepakwa mchanganyiko wa aluminiamu 55%, zinki kama 43 na nusu na silikoni kidogo sana, hiyo ndo wanaita aluzinki. Aluminiamu inazuia kutu isipite, zinki inalinda pale palipokwaruzwa au kukatwa, yaani inaliwa yenyewe kwanza kabla ya chuma. Bati zile za zamani za zinki tupu zilikuwa hazina huyo mlinzi aluminiamu. Ukiona pameandikwa AZ150 maana yake gramu 150 za huo mchanganyiko kwa kila mita mraba, pande zote mbili kwa pamoja. Bati la aluminiamu tupu lipo duniani ila kwa bei yake wewe na mimi tungebaki kwenye turubai.

Chizi Freshi
Sumaku achana nayo, beba kipimo cha unene. Mimi kuna duka moja, silitaji, waliniuzia "geji 28" imepigwa mhuri wa kampuni kubwa vizuri kabisa, nimepaua mwezi wa pili, mwezi wa kumi bati limepauka lote na fundi akikanyaga linabonyea kama kopo la soda. Kupima nakuta robo milimita! Kwa jedwali la geji la Kiingereza 28 ni kama milimita 0.38, 30 ni kama 0.32, 32 ni kama 0.27, namba inapanda unene wa bati unapungua. Dukani usiulize geji, uliza milimita na waandike kwenye risiti. Mhuri hata kijana wa Kariakoo anachonga.

Madam Silabi
Naingia pembeni kidogo. Hawa watu wa bati mimi nawapendea kitu kingine kabisa. Ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili, ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell baadaye ikawa Safal-Cornell, pesa yake kubwa inatoka Mabati Rolling Mills na ALAF. Zawadi zote kwa pamoja ni dola 15,000, na unapeleka mswada ambao haujachapwa, hata kama hakuna anayekujua. Kuna miswada ilikuwa imelala uvunguni inaliwa na mende. Wachapishaji wetu wangapi wanatoa hela kama hiyo kwa mshairi? Muuza bati ndo kakumbuka.

Chizi Freshi
Madam ile ni matangazo ya biashara tu

Madam Silabi
Basi na wa soda na wa bia nao watangaze hivyohivyo, nani kawakataza. Wao kila siku jezi tu.

Fundi Kenchi
Turudi kwa mwenye nyumba kabla hajachelewa, kuna mambo mafundi wetu wanaharibia bati zuri halafu lawama inaenda kiwandani. Saruji mbichi isidondokee bati, inakula ule mpako, ikidondoka iondoe na maji hapohapo usisubiri ikauke. Na GRINDA. Fundi anakata bati juu kwa juu na grinda, zile cheche ni chembe za chuma cha moto, zinatua kwenye bati zinang'ang'ania, mvua ya kwanza tu unaona vidoa vyekundu kama vipele vya tetekuwanga, mwenye nyumba anapiga kelele "bati feki". Halafu pale kwenye mkato moto unaunguza rangi na mpako vyote. Atumie mkasi wa bati, na akatie chini, na mabaki ya misumari afagie jioni asiyaache juu.

Mjenzi wa Chanika
Asanteni sana wakuu, jirani nitamsomea hii jioni tena kwa sauti. Mkuu Fundi Kenchi umenitisha, wakati nasoma hapa nasikia mlio juu nikajua wanatoboa mbao, kutoka nje jamaa yuko juu ya kenchi kakaa kwenye bati la tatu na grinda, cheche zinaruka mpaka kwenye ndoo ya maji. Ngoja nikamshushe.