Nilifyeka vichaka uani, sasa mwewe anamaliza vifaranga (Tanga mjini)

UaMweupe
Asalaam aleikum wanajamvi, na wengine habari za asubuhi. Mie niko Tanga, Mikanjuni, nafuga kuku wa kienyeji uani, mitetea 9 na jogoo mmoja, si biashara, ni mayai ya watoto na kitoweo mgeni akija. Zamani ule ua ulikuwa na vichaka, mbaazi zimejiotea, mchongoma upande wa jirani, mkunazi mmoja karibu na choo. Mwezi wa kwanza jirani akaua nyoka kwake, bas mie roho ikaniruka, nikaita kijana akafyeka kila kitu, nikafagia mchanga mpaka unang'aa nikajisifu kabisa yani. Kuku nikawajengea kivuli, nguzo 4 na bati juu.

Sasa hawataki kukaa pale! Jua likifika saa nne wanabanana kwenye kivuli cha tangi la maji, midomo wazi mbawa wameziachia, wengine wanaruka ukuta kwenda kwa jirani na jirani mwenyewe ndo yule yule, maneno hayaishi. Na mwewe kapata uwanja. Kuku wangu mmoja alitotoa vifaranga 14, leo siku ya 18 wamebaki 5. Juzi naanika nguo nikaona kwa macho yangu kunguru wawili, mmoja anamvuta mama mkia, mama akigeuka kupigana mwenzie anabeba kifaranga, nikarusha kandambili ikatua kwenye karai la udaga wangu.

Nifanyeje? Nyoka sitaki warudi na hela ya wavu wa kufunika ua mzima sina. Ua ni kama hatua 20 kwa 15.

MzeePongwe
Dada pole. Hilo bati kwanza, jua hili la kaskazi bati tupu ni tanuri, weka mkono chini yake saa saba utanielewa. Tupia makuti juu, hata ya zamani, joto litapungua. Ila usitegemee kuwa wataingia kwa sababu ya makuti. Kuku hata umuite wa kienyeji asili yake ni ndege wa msituni, wale kuku pori wa Asia ya kusini mashariki, hofu yake iko juu mgongoni. Kibanda chako kimesimama peke yake katikati ya mchanga mweupe, pande zote wazi, wewe unaona kivuli yeye anaona jukwaa. Anataka jani lililoshuka, kitu cha kujipenyeza.

Kwangu nilikuwa na kibanda kama hicho, kikakaa bure mpaka nilipopandisha mapesheni kwenye nguzo na kuachia matembele yatambae chini, sasa mchana wote wamo humo wanajigaragaza vumbi, na wakijigaragaza hivyo viroboto na utitiri wanapungua, hasa ukichanganya na majivu ya jikoni.

Masika hayo yanakuja, panda mbaazi. Usipange mistari kama shamba. Panda mafungu, mashina matano sita pamoja, halafu hatua tatu nne fungu jingine, kifaranga akisikia mama kaguta awe na pa kukimbilia kabla mwewe hajashuka. Mvua zikiwa nzuri mpaka mwezi wa saba zimekupita kimo. Zungushia mawe kwenye mashina zikiwa changa la sivyo watachakura mizizi yote siku moja.

KibwanaSahare
Mnamshauri dada wa watu arudishe msitu, nyoka akimuuma mtoto mtakuja kumtibu nyie? Mie nilikuwa na hivyo vichaka vyenu, nguchiro akahamia, anakaa kichakani pembeni ya mlango wa banda, nikifungua asubuhi kuku wanatoka anachagua kama yuko sokoni. Wiki mbili kuku 6 wakubwa. Nilifyeka na sijutii. Vifaranga fungia ndani miezi miwili basi.

BintiChumbageni
Hahaa nguchiro anachagua kama sokoni 😂 ila kweli hao hawangoji usiku, kazi yao mchana.

BiDema
Kibwana mwanangu, kosa lilikuwa kichaka kuwa mlangoni. Pembeni ya banda pawe peupe, hatua tano sita pande zote, fagia utakavyo. Vichaka vianzie mbali na banda. Na usiviache vikalala chini, kata matawi ya chini mpaka usawa wa goti, juu pafungike kama mwavuli chini paonekane, ukiinama unaona mpaka ukutani. Hapo nyoka hana pa kulala. Na nyoka uani hafuati majani, anafuata panya, na panya anafuata pumba na mahindi yaliyomwagika mnayoyaacha yakalala. Fagieni chakula jioni, mayai okoteni kila siku, lile rundo la matofali na mabati mabovu nyuma ya choo liondoeni maana najua lipo, kila nyumba lipo.

Dada UaMweupe, mkunazi uling'oa kisiki? Kama kipo usikiguse, mkunazi ukikatwa unachipua, utapata mwavuli kwa haraka kuliko kupanda mti mpya.

Kwa hao watano waliobaki usisubiri mbaazi. Nenda kwa wavuvi ukaombe dema bovu, ule mtego wa samaki wa kusuka, lile lisilofaa tena kuzamishwa. Toa kitako, lifunike juu ya mama, weka maji na chenga za mahindi humo ndani, juu tupia makuti nusu. Mama hatoki, vifaranga wanapita kwenye matundu wanatoka wanachakura wanarudi, mama akilia wanaingia wote. Mwewe haingii, kunguru anazunguka juu anatukana tu. Unalisogeza kila siku mahali papya. Mie nimelea vifaranga hivyo tangu watoto wangu wadogo, na tenga kubwa linafaa vilevile ila dema linapitisha upepo. Usiku warudishe bandani, dema halizuii kicheche.

BwanaMifugoMstaafu
Naongezea mawili. Mkitafuta kichaka cha haraka msipande minyaa, najua inashika upesi na haihitaji maji lakini yale maziwa yake yakiingia jichoni, la kuku au la mtoto, ni balaa. Mbono nao mbegu zake ni sumu. Na parachichi msilifanye kivuli cha kuku, majani yake yanadhuru ndege. Mbaazi, mlonge, mapesheni, migomba, hivyo havina neno.

La pili, kivuli hakizuii kideri, ule ugonjwa wa mdondo. Dada hujasema kama umechanja. Ile chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu, na vifaranga nao. Unaweza kuwanusuru na mwewe wote kisha kideri kikapita uani ukabaki na banda tupu. Na makopo yenye maji chini ya vichaka mwageni, mbu ndio wanaosambaza ndui ya kuku.

KunguruHasidi
Kwa kunguru dada hana kosa, hawa wametoka India, waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 eti wale takataka, sasa wanakula vifaranga vyetu na sabuni juu.

UaMweupe
Narudi wapendwa, siku ya 12 leo. Dema nimepata, mvuvi kanipa bure kanicheka sana, nimelibeba kwenye bajaji watu wanauliza mama leo unavua wapi. Siku ya kwanza mama alipiga kelele mpaka magharibi nikataka kumtoa, siku ya pili akanyamaza. Watano wote wapo!! Kunguru mmoja alitua juu ya dema akaingiza kichwa, mama alimdonoa hajarudi tena upande ule.

Rundo la mabati lilikuwepo BiDema, umejuaje, tumekuta viota vya panya viwili. Chanjo sikuwa nimefanya nakiri, nimechanja Jumamosi wote. Kisiki cha mkunazi kipo kimeanza kutoa majani madogo. Jirani nimemuomba matawi ya pesheni, kanipa na maneno yake, nimepokea vyote.

Limebaki moja. Mbaazi za dukani naambiwa ni zile fupi za kisasa, zinaishia kifuani, mie nataka zile ndefu za kizamani zinazokaa mwaka na zaidi. Nani anazo?

KibwanaSahare
Ninazo kopo moja, za mama. Njoo na kopo lako maana langu nalitumia.