Mrejesho: droni iliyokuwa ikipinduka

Jamani, asanteni. Niliuliza kwa nini droni ya wanafunzi wangu wa sekondari hapa Nairobi inapinduka kila ikijaribu kupaa. Aliyesema tukague propela alipatia: mbili huzunguka kisaa, mbili kinyume, na watoto walikuwa wamezibadilishia nafasi. Nami nilishinda wiki nzima nikilaumu programu! Tukazipaka rangi kulingana na mota zake, ikapaa. Betri sasa tunazihifadhi zikiwa na volti 3.8 kwa seli, si 4.2 (yaani zimejaa kabisa) kama zamani. Mazoezi ni ukumbini tu. Kwa kuruka nje kuna kanuni za 2020 za KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya), na kibali hatujapata. Rubani wetu bado anavuta kwa pupa kijiti cha kushoto cha rimoti, kile cha kupandisha na kushusha, droni inadondoka kama embe.