Tupeane uzoefu: asembli kwenye kompyuta za zamani ilikuingiaje kichwani?

heksa64:
Wakuu, uzi huu ni wa wale waliojifunza asembli (lugha ya kuandika amri za prosesa moja kwa moja) kwenye kompyuta za nyumbani za zamani, Commodore 64, Spectrum, BBC Micro, Apple II na nduguze, iwe mashine yenyewe au emuleta (programu inayoiga mashine). Semeni ilivyowaingia, "kasome manuali" hatutaki.

Naanza na C64 ya 1982. Kilichonifungua macho ni amri mbili tu, INC $D020 (ongeza moja kwenye anwani hiyo ya memori) halafu JMP (ruka) inarudi palepale, basi. $D020 ndio inashika rangi ya pembezoni mwa skrini, kwa Beisiki (lugha rahisi ya programu iliyokuja na mashine hizi) ni ile POKE 53280. Ukiizungusha kwa Beisiki unapata mikanda minene ya rangi, ila kwa asembli pembezoni pote panajaa vipande vifupivifupi, na ukipiga hesabu unaona kwa nini: INC inakula saikeli (mapigo ya saa ya prosesa) 6, JMP 3, jumla 9, na mstari mmoja wa skrini kwenye PAL (mfumo wa TV) una saikeli 63, yaani rangi inabadilika mara 7 kabla mstari haujaisha. Aisee. Muda wa prosesa unahesabika kwa vidole kabisa, na jibu lako unaliona kwenye skrini hapohapo.

Binti_Z80:
Mkuu umenigusa. Mimi ni Spectrum 48K. Skrini yake inaanzia 16384 na wengi wanailalamikia maana ndani ya herufi moja, mstari wa nukta unaofuata chini hauko jirani kwenye memori, uko baiti 256 mbele, ndio maana picha ikiwa inaingia toka kwenye kaseti inajaa kwa kurukaruka. Ukiwa Beisiki unaona kama waliamua kutesa watu. Sasa njoo asembli: anwani iko kwenye HL (rejista, yaani kihifadhi ndani ya prosesa, H ikiwa baiti yake ya juu), na 256 mbele maana yake ni kuongeza H kwa moja, kwa hiyo kushuka ni INC H tu, baiti moja, umemaliza! Kuchora herufi nzima unaweka 8 kwenye B, halafu LD A,(DE) isome baiti ya herufi, LD (HL),A iiandike kwenye skrini, INC DE, INC H, na DJNZ inapunguza B na kukurudisha juu hadi B iishe. Nilipoona hivyo ndio nikaelewa ule mpangilio una maana yake, na nikaanza kuiheshimu hiyo mashine.

lebo_mbele:
Anayeanza leo mimi namwambia BBC Micro bila kusita. Asembla (programu inayogeuza asembli kuwa msimbo wa mashine) imo ndani ya Beisiki yenyewe, unafungua mabano ya mraba katikati ya programu unaandika amri zako za asembli kama LDA, unafunga, unaendelea na Beisiki, kisha unaita kwa CALL. Unaizungusha mara mbili na FOR, OPT 0 kisha OPT 3 kwa mfano, sababu mzunguko wa kwanza haujui bado lebo za mbele (majina ya sehemu za programu) ziko wapi. Kuandika herufi ni JSR &FFEE (ita kipande cha programu kilicho anwani hiyo), herufi ikiwa kwenye A. Beisiki hiyo aliiandika Sophie Wilson, huyohuyo aliyekuja kubuni amri za prosesa ya ARM, na mimi nikisoma ARM naona mkono wake.

mgeni_6502:
Shikamooni wakubwa. Nipo kwenye C64, nataka kuweka herufi mstari fulani, inabidi nizidishe namba ya mstari kwa 40 ila naona hakuna amri ya kuzidisha. Mnafanyaje?

heksa64:
Marahaba, karibu sana. 40 ni 32 jumlisha 8. Piga ASL (sukuma biti kushoto, yaani zidisha kwa 2) mara tatu umepata mara 8, itunze pembeni. Sukuma mara mbili tena unapata mara 32, ila hapa baiti moja haitoshi, kwa hiyo kila ASL ya baiti ya chini ifuatwe na ROL ya baiti ya juu ili biti inayodondoka ipokelewe. Halafu CLC (futa keri, ile biti ya kubeba), ADC (jumlisha) ile ya mara 8, na baiti ya juu nayo ADC #0 isipotee keri. Mwisho jumlisha 1024 maana ndiko skrini inakoanzia.

Binti_Z80:
Au mdogo wangu weka jedwali tu la anwani za mistari yote 25, baiti 50 hizo, unasoma kwa X (rejista inayoshika namba ya mstari). Ni haraka zaidi, memori unayo. Ila ya heksa64 iandike kwanza kwa mkono wako hata kama utaifuta, maana keri utakutana nayo kila mahali.

mgeni_6502:
Asanteni, naiandika sasa hivi. Wa Apple II mko wapi, ile CALL -151 inayokuingiza kwenye monita (programu ya ndani ya kuangalia na kubadili memori) mnaitumiaje?