Maua ya kuchanua mvua zikishakata, chini ya mwembe penye magugu: nipande nini?

Mama_Bombo
Asalaam aleikum, wapenda bustani. Niko Bombo, Uganda. Nyuma ya nyumba tuna mwembe mkubwa na mfenesi, matawi yameshikana, jua linapenya kidogo tu asubuhi. Hapo ndipo wageni wetu huketi, na hapo ndipo pabaya kuliko pote uani. Mvua inyeshe itakavyo, ukifukua kidogo unakuta vumbi. Kinachostawi ni magugu: lumbugu, nyasi inayotambaa kutoka kwa jirani, kajjampuni yenye majani matatu matatu, na kongwa.

Maua yangu ya mbele huchanua Aprili na Oktoba kama ya kila mtu. Nataka yatakayochanua Desemba mpaka Februari, wakati ua mzima umekauka. Mvua za Septemba zinakaribia, nianze na nini? Jirani ananiambia nipige dawa ya magugu nimalize.

Bustani_Jinja
Aleikum salaam, mama. Usinunue ua hata moja kabla ya kushughulikia magugu, na kila gugu lina njia yake ya kulimaliza.

Lumbugu ni mizizi mirefu ya chini kwa chini. Ukiikata kwa jembe la kawaida, kila kipande kinaota upya. Tumia jembe uma, inua taratibu, okota vipande vyote, uvianike juani mpaka vikauke kabisa. Chimba mtaro mwembamba upande wa jirani na uwe unaukagua, la sivyo itarudi.

Kajjampuni ni kinyume chake: usichimbechimbe. Chini ina vitunguu vidogo vidogo, na ukichimba unavitawanya bustani nzima. Ile dawa ya jirani ikiunguza majani, vile vitunguu vinabaki na kuchipua tena. Wewe ng'oa majani kila yanapotokeza, bila kuchoka, mpaka vitunguu viishiwe na akiba.

Kongwa wengi huing'oa na kuitupa palepale. Shina lake likigusa udongo wenye unyevu linatoa mizizi, na zaidi ya hapo kongwa hii yetu ya majani mapana hufanya maua mengine chini ya ardhi na kutengeneza mbegu huko huko. Kwa hiyo ing'oe na mizizi yake, uitoe nje ya bustani.

Ukimaliza, tandaza maboksi yaliyolowanishwa, juu yake essanja (majani makavu ya mgomba) au maganda ya kahawa. Acha nafasi kuzunguka shina la mwembe, lisije likaoza.

kijana_wa_Mukono
Mbona kazi yote hiyo? Panda wedelia, ile ya maua ya njano inayotambaa. Inafunika kila kitu, magugu yatakufa yenyewe. Au lantana, inachanua mwaka mzima.

Bustani_Jinja
Hapana, ndugu yangu, hapo nakupinga kabisa. Wedelia na lantana zote zimo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Lantana inadhuru ng'ombe na mbuzi wakiila, na ndege wanasambaza mbegu zake hadi msituni. Tumeona mti wa Senna spectabilis unavyosumbua msitu wa Budongo. Mama ana magugu matatu, tusimpe la nne.

Dada_Kabale
Mimi napenda klivia kuliko maua yote ya kivulini. Asili yake Afrika Kusini, mizizi minene inayohifadhi maji, haiogopi ukavu wala kushindana na mizizi ya miti. Maji mengi ndiyo yanayoiozesha. Lakini mama, nikuambie ukweli: klivia inataka kipindi cha baridi ndipo itoe maua. Huku kwetu Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ipo. Bombo huenda ukapata majani mazuri na maua machache. Pia ina sumu, kwa hiyo watoto wasitafune.

Mzee_wa_Miche
Mama, mimi ningepanda vitu vya kwetu. Kwanza Plectranthus barbatus, ule ambao Wakikuyu wa Kenya huuita maigoya. Majani yenye manyoya laini, maua ya buluu iliyoiva. Unakata tawi, unalichomeka mvua zikianza, linashika. Usiuweke penye giza kabisa, uweke pale jua la asubuhi linapofika.

Penye giza zaidi weka masale, ile dracaena ya mipakani. Maua yake si ya kujionyesha, lakini usiku yananukia vizuri sana, na wageni wako bado wameketi.

Ukingoni, matawi yanapoishia, panda kifumufumu. Maua yake ya rangi ya chungwa huwavuta chozi, wale ndege wanaofyonza asali ya maua. Kinajisambaza kwa mbegu, basi vichwa vikikauka vikate kabla havijamwaga.

Na usichimbe kitalu kizima chini ya mwembe. Mizizi inayoulisha mti iko juu juu. Tafuta nafasi kati ya mizizi, chimba shimo dogo, tia mboji, panda mche mdogo. Mche mkubwa hautakuwa na pa kuingia.

Mama_Bombo
Mzee, shikamoo, na asante. Dada Kabale, klivia nitaiweka kwenye chungu barazani niijaribu. Swali moja: nikitandaza maboksi, nitapandaje?

Mzee_wa_Miche
Marahaba. Toboa boksi pale pale unapopanda, tundu la kupitisha mkono, kisha rudisha essanja. Maji yamwage kwenye tundu lenyewe, si juu ya majani makavu. Mwaka wa kwanza umwagilie hata Januari, kwa sababu mwembe utakunywa kabla ya miche yako. Kajjampuni ikichungulia tunduni, ing'oe siku hiyo hiyo.